Udongo wa Mpakani

Mpaka wa Kongo na Zambia pale Mokambo haukufuata mto, wala haukufuata kabila. Walamba wako pande zote mbili. Mapatano ya tarehe 12 Mei 1894, kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo, yaliupitisha juu ya mgongo wa nchi, mahali maji yanapogawana njia. Tone la mvua linaloangukia upande wa Mufulira huteremkia mto Kafue, likaingia Zambezi na kuishia Bahari ya Hindi. Tone jirani yake, likiangukia upande wetu, hushika njia ya Luapula, likapita ziwa Mweru, likafika Lualaba, na mwisho wa safari yake ni Atlantiki. Kati ya matone hayo mawili pengine pana hatua chache tu za udongo. Ni udongo huo ninaotaka kuuzungumzia.

Katika mkoa wetu wa Haut-Katanga hatuna mazoea hayo. Ardhi yetu huzungumzwa kwa yale yaliyo chini yake. Tangu Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, mtu akisema kwamba Katanga ni tajiri anamaanisha mawe: shaba, kobalti, zinki. Kilicho juu ya mawe hayo ni kitu cha kufukuliwa na kusogezwa pembeni ili kazi ianze. Na wakati huohuo, malori yanayosubiri mpakani Kasumbalesa na Mokambo hubeba unga wa mahindi, kwa sababu bukari, yaani ugali, ya Lubumbashi hutegemea sana shamba la jirani. Zambia imewahi kufunga mauzo ya mahindi nje si mara moja, na kila ilipofanya hivyo akina mama wa masoko ya Lubumbashi walijua kabla ya magazeti.

Ni kweli mahindi mengi ya Zambia hulimwa mbali na mpaka wetu, katika mikoa ya kati, kusini na mashariki. Lakini hata kwenye mgongo huu wa maji, mvua ya pande mbili ni moja, kiangazi ni kimoja, na ukichimba shimo huku na shimo kule hutaweza kusema ni lipi la Kongo. Tumeusingizia udongo wetu mambo ambayo si yake. Tumeuita mchovu, tumeuita mchanga mtupu, tukageukia migodi. Nasema tumeuhukumu bila kuusikiliza, na kuusikiliza udongo ni kazi yenye utaratibu wake.

Kazi hiyo huanza mkononi. Chukua konzi ya udongo kutoka shamba la juu, mbali na dembo, yaani bonde lenye unyevu, uulowanishe kidogo na kuufinyanga. Utafanya donge, lakini ukilibonyeza litavunjika. Jaribu kuusukuma kati ya kidole gumba na cha shahada uwe utepe: hukatika kabla haujafika sentimita mbili na nusu. Unaukwaruza kwa kucha na kusikia chembe zikisuguana, na hata hivyo mkono unabaki umechafuka, kwa sababu ndani ya mchanga mna mfinyanzi kidogo unaong'ang'ania ngozi. Huo ndio udongo tifutifu wa kichanga. Wapimaji wanaopenda namba husema chembe za mchanga zina upana wa kuanzia milimita 2 kushuka hadi 0.05, zile za kati hufika 0.002, zilizo ndogo kuliko hapo ni mfinyanzi. Katika udongo tifutifu wa kichanga, mchanga kwa kawaida huzidi nusu ya uzito wote, na mfinyanzi hauvuki asilimia 20.

Asilimia hizo chache za mfinyanzi ndizo zinazobeba karibu kila kitu. Chembe ya mchanga ni kipande cha kwazi. Haishiki chakula cha mmea wala haiyeyuki. Mfinyanzi una uso mkubwa wa kushikia maji na madini. Lakini mfinyanzi wa mgongo huu ni mzee. Umenyeshewa na kukaushwa kwa muda mrefu usiopimika kwa maisha ya mwanadamu, hata kalisi, magnesi na potasi vikasafirishwa na maji kwenda kwenye yale mabonde mawili, na kilichobaki kikawa kaolini pamoja na oksidi za chuma zinazoupa udongo rangi yake ya kutu. Kaolini hushika kidogo. Kwa hiyo chakula kilichopo hukaa zaidi kwenye tabaka la juu, lile la rangi ya kijivu au kahawia, ambamo majani na mizizi imeoza. Tabaka hilo mara nyingi halifiki urefu wa kiganja kilichokunjuliwa. Chini yake rangi inageuka njano au nyekundu, na mahali pengine jembe linagonga kokoto za moramu.

Mtu wa Dodoma akisoma haya anaweza kuuliza kwa nini nalalamika. Kwao mvua ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600. Sisi tunapata zaidi ya 1,000. Kwa jumla ya mwaka, Mokambo si nchi kame. Lakini mmea hauli jumla ya mwaka. Mvua yetu huja kuanzia Novemba, huisha Machi au Aprili, na baada ya hapo ni miezi karibu sita ambayo anga halitoi kitu, na upepo wa Agosti huinua vumbi hata mbele ya nyumba zilizofagiliwa asubuhi. Udongo huu unaishi maisha mawili: nusu mwaka kama udongo wa nchi ya mvua, unaoshwa, nusu mwaka kama udongo wa nchi kame, unakaushwa. Na hata katikati ya masika, jua likikaa siku kadhaa, ukame unaingia shambani bila kusubiri kiangazi.

Hesabu yake si ngumu. Mita moja ya udongo tifutifu wa kichanga huweza kuutunzia mmea kama milimita 100 za maji yanayoweza kunyonywa. Mahindi yakiwa yanatoa mbelewele huhitaji milimita tano hadi sita kwa siku. Kama mizizi ingeshuka mita nzima, mkulima angevumilia zaidi ya wiki mbili bila mvua. Tatizo ni kwamba mizizi mara nyingi haishuki. Udongo wa chini una uchachu, pH yake ikiwa tano au pungufu, na kwenye uchachu huo aluminiamu huyeyuka na kuziunguza ncha za mizizi. Mhindi unabaki na nusu mita ya kunywa. Hapo hesabu inakuwa siku tisa au kumi. Siku ya kumi na moja majani yanajikunja.

Mwanzoni mwa 2024 hilo lilitokea kwa ukubwa ambao wengi wetu hatukuwa tumeuona. Mvua ilikatika wakati mahindi yalikuwa yanaihitaji kuliko wakati wowote, na tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema akatangaza ukame kuwa janga la taifa la Zambia. Lubumbashi ikausikia ukame huo kupitia bei ya unga. Watu walisema mvua imetusaliti. Mvua ilihusika, bila shaka. Lakini kati ya mvua iliyokatika na hindi lililokauka palikuwa na nusu mita ya udongo ambao haukuruhusu mizizi kupita, na jambo hilo mwanadamu anaweza kulirekebisha. Mvua hawezi.

Dawa ya uchachu inajulikana: chokaa. Na chokaa tunayo. Mawe ya chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi, yamechimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Yamechomwa na kusagwa kwa ajili ya viwanda vya madini, kwa sababu kusafisha shaba na kobalti kunahitaji chokaa kwa wingi. Njia ya kuipeleka mgodini ipo, wanunuzi wapo, bei ipo. Njia ya kuipeleka kwenye shamba la mama anayelima robo hekta kando ya Mokambo bado haijapatikana. Naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko upungufu wa mbolea, maana mbolea ya urea ikiwekwa kila mwaka bila chokaa huongeza uchachu uleule, na mwishowe mkulima analipia kitu kinachomfungia mlango.

Wazee wa nyanda hizi walikuwa na dawa yao. Katika kilimo cha chitemene, matawi ya miti ya eneo kubwa kuliko shamba lenyewe mara kadhaa yalikatwa, yakakaushwa, yakarundikwa mahali pamoja na kuchomwa kabla ya mvua ya kwanza, kisha ulezi ukapandwa juu ya majivu. Watawala wa kikoloni waliona uharibifu wa miti. Wataalamu waliokaa muda mrefu zaidi na wakulima, kama Colin Trapnell aliyepima mimea na udongo wa Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo, kuanzia miaka ya 1930, waliona kitu kingine: majivu ni chokaa na potasi. Mti wa miombo umeshusha mizizi chini, ukavuta kalisi iliyobaki huko, ukaiweka kwenye matawi. Mkulima akairudisha juu ya ardhi kwa moto. Hatuwezi kurudi huko leo. Watu wameongezeka na miti imekuwa makaa ya kupikia mjini, na majivu yake yanamwagwa kwenye mitaro ya Lubumbashi. Lakini tusiseme kwamba watu wale hawakujua udongo wao ulikosa nini.

Hapa ndipo suala la kuupanga udongo katika madaraja linapoingia, na najua wasomaji wengi huliona kuwa shughuli ya maabara. Mimi nimelipenda kwa sababu linaonyesha mtu ameamua kutazama nini na kuacha nini.

Wabelgiji walianza mapema. INEAC, taasisi yao ya utafiti wa kilimo, iliundwa mwaka 1933, ikawa na kituo Keyberg, jirani na Lubumbashi. Mtaalamu wao Karel Sys alipofika kuandika ufunguo wa ramani za udongo wa Kongo mwishoni mwa ukoloni, aliyapanga madaraja kwa kaolini na kwa unyevu wa nchi, akautenga udongo wenye mchanga mwingi katika kundi lake, arenoferali. Mwaka 1964 Jules D'Hoore alitoa ramani ya udongo wa Afrika nzima. Kisha FAO na UNESCO wakachora dunia yote kwa kipimo cha moja kwa milioni tano. Kwenye ramani ya namna hiyo Mokambo yote, na malori yake na mashamba yake, haifiki ukubwa wa punje ya mtama. Siku hizi wataalamu wa nchi nyingi hutumia mfumo wa kimataifa wa WRB, uliotolewa 1998 na kusahihishwa mara kadhaa, karibuni zaidi 2022.

Mfumo huo una jambo moja linalonigusa kila ninapofikiria mgongo wetu. Ili udongo uitwe Feralsoli, yaani ule mkongwe wa tropiki uliooshwa hadi kubaki kaolini na chuma, tabaka lake la chini lazima liwe na unene wa sentimita 30 au zaidi, na lisiwe na mchanga mwingi kupita kiwango cha tifutifu la kichanga. Ukizidisha mchanga hadi kina cha mita moja, udongo unaondoka kwenye daraja hilo na kuingia Arenosoli, udongo wa mchanga, kama ule ulioenea kwenye nyanda za juu za Biano na kuendelea magharibi kuelekea mchanga wa Kalahari. Tifutifu la kichanga basi liko kwenye ukingo wenyewe. Asilimia chache za mfinyanzi zikipungua, jina linabadilika. Na kama mfinyanzi unaongezeka wazi kadiri unavyoshuka, jina linabadilika tena, likawa Akrisoli au Liksisoli kutegemea uchachu na utajiri wa tabaka la chini. Mashamba mawili ya majirani yanaweza kuwa na majina matatu ya kitaalamu kwa umbali wa mita mia.

Mtu angeweza kucheka na kusema hayo ni mabishano ya wasomi. Lakini tofauti hizo zinaamua mambo ya kila siku. Pale mfinyanzi na chuma vinapokuwa vingi, fosforasi ya mbolea hunaswa na chuma na mmea haupati ila kidogo. Kwenye tifutifu la kichanga hainaswi sana, kwa hiyo mfuko mmoja wa mbolea huonekana kazi yake. Kinyume chake nitrojeni: kwenye udongo wa kichanga mvua moja kubwa huipeleka chini ya mizizi, na mkulima aliyemwaga urea yote siku moja amemlisha Luapula. Agawe mara mbili au tatu. Ushauri huo hauwezi kutolewa kwa "udongo wa Katanga". Unatolewa kwa udongo wa shamba hili, baada ya kuushika.

Kuna tofauti nyingine iliyo na uzito zaidi. Mifumo ya kitaalamu huangalia zaidi tabaka la chini, kwa sababu hilo halibadiliki kwa jembe wala kwa moto. Ramani iliyochorwa leo itafaa miaka hamsini ijayo. Mkulima huangalia la juu, kwa sababu ndilo linalobadilika, na ndilo atakalolila mwaka huu. Ukimwuliza mama mwenye shamba, "Mama, huu udongo ukoje?" atakuambia rangi yake baada ya mvua, majani yanayoota yenyewe humo, kama maji yanasimama au yanapita, na mwaka gani ulianza kuchoka. Hatataja kaolini. Wote wawili wanasema kweli kuhusu shimo moja, mmoja akiwa amesimama chini na mwingine juu. Ramani zetu zimemwandika mmoja tu.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, alikabidhiwa kazi ya kuandaa ramani ya udongo wa Afrika Mashariki. Alipozunguka nyanda za ndani za Tanganyika aliona kwamba kuchora kila aina peke yake hakuwezekani, kwa sababu aina hizo zilijirudia kwa mpangilio uleule kutoka kilima hadi bonde: juu udongo mwekundu au wa mchanga, katikati wa kijivu, chini mweusi mzito unaopasuka kiangazi. Akaandika kwamba kipimo sahihi ni mnyororo mzima wa mteremko. Wazo hilo lililotoka kwetu limeenea katika vitabu vya udongo vya dunia nzima. Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo tangu zamani: luseni kwa ule mwepesi wa kichanga, itogolo kwa wa kijivu mgumu, ibushi kwa wenye chokaa, mbuga kwa mweusi wa bondeni. Majina hayo yaliingia katika maandishi ya wataalamu wa Usukuma na yakadumu humo, kwa sababu yalifanya kazi. Milne alifariki 1942 akiwa bado hajazeeka.

Mgongo wa Mokambo ni kichwa cha minyororo miwili inayoteremka pande mbili. Juu, penye mpaka, ndipo penye udongo uliooshwa zaidi. Ukishuka kuelekea Luapula, rangi nyekundu inapoa kuwa njano, njano inakuwa kijivu, na ndani ya dembo unakuta udongo mweusi wenye unyevu hata Septemba, ambamo watu hulima mboga. Ukishuka upande wa Kafue, ni vivyo hivyo. Serikali mbili, ramani mbili, mteremko wenye utaratibu uleule.

Na katikati ya mteremko huo viko vichuguu. Mgeni anayefika Haut-Katanga mara ya kwanza hudhani ni vilima. Mchwa wa aina ya Macrotermes falciger hujenga vichuguu vinavyofika mita nane kwenda juu na mita kumi na tano kwa upana wa chini, na kwenye hekta moja ya miombo unaweza kuhesabu vitatu hadi vitano. Hawa wadudu hupandisha mfinyanzi kutoka chini, chembe kwa chembe, wakati mvua inaushusha. Ndani ya kichuguu uchachu unapungua na kalisi inajikusanya, hata madonge ya chokaa hupatikana, katika nchi ambayo udongo wake wote wa pembeni unalilia chokaa. Wapimaji wa kaboni ya kale waliochunguza vichuguu vya karibu na Lubumbashi walikuta sehemu za ndani zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Fikiria: vilikuwa vimesimama kabla ya Wayeke, kabla ya Waluba kuwa na wafalme, kabla ya msalaba wa kwanza wa shaba kuyeyushwa Katanga. Leo tunavibomoa kufyatua matofali. Nyumba za watu lazima zijengwe, nami naishi kati ya kuta hizohizo. Lakini kichuguu kinachosagwa na kutawanywa shambani hurudisha mfinyanzi na kalisi pale vilipoondoka, na kuna wakulima wanaofanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamevichunguza vichuguu hivi kwa miaka mingi. Ujuzi upo. Haujafika kwa afisa kilimo wa Sakania, eneo letu la mpakani, au umefika na hana pikipiki ya kuupeleka mbele.

Historia ina onyo moja ambalo linanijia kila ninaposikia mipango ya mashamba makubwa kwenye nyanda zetu. Mwaka 1947 Waingereza walianza Kongwa, katika nchi kame ya Ugogo, mpango wa kulima karanga kwenye eneo la mamilioni ya ekari. Ujumbe uliopendekeza mpango huo ulikuwa umezunguka kwa wiki chache tu mwaka uliotangulia. Udongo mwekundu ulionekana mlaini katika mvua. Ulipokauka ukashikamana kwa ugumu wa saruji, majembe ya trekta yakalika kwa kwazi iliyomo ndani, na karanga zilizokuwa chini hazikung'oleka. Mpango ulifutwa mwaka 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Wagogo waliokuwa wanalima hapo kwa vizazi walijua tabia ya ardhi ile. Hakuna aliyehitaji kusubiri miaka minne ili kuigundua.

Ng'ambo ya mpaka wetu kuna onyo jingine, la uchungu zaidi. Usiku wa tarehe 25 Septemba 1970, mabaki ya kusafishia shaba yaliyorundikwa juu ya mgodi wa Mufulira yalishuka ndani yake kama tope, na wachimbaji 89 wakafa. Chembe laini zilizolowa maji hazikubaki ardhi; ziligeuka mto. Tabia ya chembe na maji si somo la wakulima peke yao.

Katanga inajua kusoma ardhi inapotaka. Kuna ua dogo, Haumaniastrum katangense, linaloota mahali penye shaba nyingi ambapo mimea mingine inashindwa. Pierre Duvigneaud aliyaandika mahusiano ya mimea ya Katanga na udongo wake wa madini mwaka 1958, na waliomfuata walionyesha kwamba ua hilo huota hata kwenye tanuri za kale za wafua shaba, hivyo wachimba historia wakalitumia kuzipata. Macho makali namna hiyo, subira namna hiyo, vimetumika kutafuta metali. Naomba vitumike sasa kutafuta chakula.

Kazi yenyewe haihitaji mabilioni. Inahitaji mashimo yaliyochimbwa kwa mstari kutoka mgongoni hadi dembo, kila shimo likipimwa rangi, mchanga, uchachu na kina cha mizizi, na jina ambalo wenyeji wanauita udongo ule liandikwe mbele ya jina la WRB, katika karatasi moja. Vijana wa kitivo cha kilimo wanaweza kuifanya katika likizo moja ya kiangazi. Makampuni yanayonunua chokaa ya Kakontwe kwa malori yanaweza kuacha lori moja njiani kwa ajili ya mashamba ya majaribio. Serikali ya mkoa imewahi kuyataka makampuni hayo yalime mahindi, na kuyataka yatoe chokaa ni ombi dogo kuliko hilo.

Nawe msomaji, kama una shamba, usisubiri mkoa. Kabla ya mvua ya Novemba chimba shimo la mita moja pale mahindi yako yalipokuwa dhaifu, na jingine pale yalipokuwa mazuri. Tazama rangi inabadilikia wapi na mizizi ya mwaka jana iliishia wapi. Kama iliishia sentimita thelathini na hukukuta kokoto wala tabaka gumu, shuku uchachu: peleka udongo wa chini ukapimwe pH, na kama ni tano au pungufu, fedha yako ya kwanza inunue chokaa kabla ya mbolea.